Kuchora Mtwara kwenye ramani huria: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa yeyote anayeishi Manispaa ya Mtwara Mikindani, au aliyehamia Dar es Salaam na bado akiulizwa kwao anataja Majengo, anayetaka mtaa wake uonekane vizuri kwenye ramani ambayo kila mtu anaweza kuihariri. Maswali ni yale yale yanayojitokeza kila watu wanapokaa pamoja mbele ya kompyuta. Majibu ni yangu, na pale nilipo na msimamo sikuuficha.

Ramani huria ni ipi hiyo? Si nina ya Google kwenye simu tayari?

Ninayoizungumzia ni OpenStreetMap. Ilianzishwa Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast, wakati data za ramani za nchi ile zilikuwa bidhaa ya kununua kwa bei kubwa. Ukishafungua akaunti, unaruhusiwa kuchora barabara, kuweka shule, kusahihisha jina, na kazi yako inaingia papo hapo bila kusubiri mtu wa kuidhinisha.

Google nayo hupokea mapendekezo ya wananchi. Hadi mwaka 2017 ilikuwa na huduma maalumu ya kuchora, Map Maker, kisha ikaifunga. Tofauti iko kwenye umiliki. Ukimsahihishia Google jina la mtaa, umemfanyia kazi yake, na huwezi kesho kwenda kumwomba data zote za Chikongola uchapishe bango la ofisi ya mtaa. Za OpenStreetMap unazipakua, unazichapisha, unazitengenezea programu hata ya kuuza, mradi utaje kwamba zimetoka kwa wachangiaji wa OpenStreetMap, na kama umeziboresha hizo data na kuzitoa hadharani, uzitoe kwa masharti yale yale.

Wanaozitumia ni akina nani?

Programu za simu Organic Maps na OsmAnd, ambazo zinafanya kazi simu ikiwa haina bando. Ramani za ndani ya Facebook na Wikipedia. Msalaba Mwekundu na Madaktari Wasio na Mipaka wanapoingia eneo la maafa. Unaposahihisha kitu kimoja kinaenda kutokea sehemu nyingi, ingawa si siku hiyo hiyo. Programu za simu husubiri toleo jipya la ramani, kwa hiyo usinung'unike kesho asubuhi ukiona bado.

Mtwara si imeshachorwa? Kazi gani imebaki?

Kilichochorwa kutoka mbali ni paa na barabara. Wapo watu wa kujitolea wanaokaa Ulaya au Marekani na kufuatisha nyumba zetu juu ya picha za setilaiti, na kuanzia mwaka 2019 Microsoft ilitoa bure mamilioni ya paa za Tanzania na Uganda zilizotambuliwa na kompyuta. Tunawashukuru. Lakini kompyuta ikiona bati haijui kama chini yake pana msikiti, ghala la korosho au chumba cha kupanga.

Mfano ambao una uzito kuliko yote hapa kwetu ni hospitali. Manispaa hii ina hospitali mbili za rufaa. Ligula ni ya mkoa, iko mjini. Nyingine ni ya Kanda ya Kusini, iko Mitengo, upande wa Mikindani. Dereva wa bajaji aliyezaliwa hapa hakosei, lakini aliyetoka Masasi na mgonjwa usiku, simu ikamwambia tu "hospitali ya rufaa", anaweza kwenda upande usio wake. Majina kamili ya hospitali hizo mbili, milango ya kuingilia magari na mlango wa dharura ni kazi ya asubuhi moja kwa mtu aliyepo hapa. Aliyeko London hawezi kuifanya.

Mtaa wangu unaanzia wapi na kuishia wapi?

Inategemea umemuuliza nani, na ramani ina nafasi ya majibu yote mawili ukijua kuyatenganisha.

Jibu la kwanza ni la serikali. Manispaa imegawanywa katika kata: Shangani, Ufukoni, Chuno, Chikongola, Majengo, Magomeni, Railway, Vigaeni, Rahaleo, Naliendele, Mtonya, Magengeni na nyingine. Kata imegawanywa katika mitaa yenye wenyeviti wanaochaguliwa. Mipaka hii ni mistari halisi kwenye nyaraka, na ukiichora iwe imetoka kwenye chanzo rasmi kilicho huru kutumiwa. Usiikisie. Mstari wa kata uliochorwa kwa macho ni mbaya kuliko kutokuwa na mstari kabisa, maana atakayefuata atapanga takwimu za sensa juu yake akidhani ni kweli.

Jibu la pili ni la wenyeji, nalo halina mstari. Simama penye njia panda yoyote kati ya Majengo na Chikongola, uliza kwa adabu:

"Shikamoo babu. Hapa bado ni Majengo au tumeshaingia Chikongola?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Majengo imeishia kule kwenye mwembe. Ila hawa waliojenga juzi nao wanajiita Majengo, utawakatalia?"

Humkatalii mtu. Jina la namna hii huwekwa kama nukta moja katikati ya eneo, pale ambapo hakuna anayebisha, na pembeni unaacha wazi. OpenStreetMap ina ngazi tatu za maeneo ya mji, suburb, quarter na neighbourhood, kutoka kubwa kwenda dogo. Mimi hutumia ile kubwa kwa majina ambayo mji mzima unayajua, kama Shangani au Magomeni, na ndogo kabisa kwa jina ambalo ukivuka barabara mbili watu wanaanza kuuliza "wapi huko?". Jina kama Kiyangu linaweza kukaa kati. Hapa hakuna sheria ya chuma, kuna kukubaliana.

Jambo moja silikubali: kuchukua jina la wenyeji na kulibandika juu ya mpaka wa kata kwa sababu tu yanalingana. Mtu anayesema "nakaa Majengo" hasemi kata yake. Anakutajia soko analonunua, msikiti anaosali na daladala anayopanda. Ukiyachanganya hayo mawili, ramani inaanza kuwafundisha watu kwao ni wapi, na hiyo si kazi yake.

Jina linaandikwa kwa namna mbili. Niandike lipi?

Kisungure na Kisungule, Kiyangu na Kiangu: utaona moja kwenye kibao na lingine kwenye barua. Sehemu ya jina kuu weka lile lililoandikwa kwenye kibao cha barabarani au cha ofisi ya mtaa. Lingine liweke kwenye sehemu iitwayo alt_name, yaani jina mbadala, ili anayelitafuta nalo afike. Kama ni jina la utani ambalo vijana tu ndio wanalitumia, lipo loc_name. Jina la zamani lililokwisha kubadilishwa linaingia old_name. Hakuna jina la kufuta, kila moja lina sehemu yake.

Usianze ligi ya kubadilishana herufi na mchangiaji mwingine usiku kucha. Mwandikie ujumbe. Mara nyingi ni jirani yako.

Kata inaitwa Railway lakini reli sijaiona maishani mwangu. Tuichore?

Hapana, usichore kisichokuwepo. Kanuni ya kwanza ya ramani hii ni kwamba mtu mwingine akija mahali hapo leo akute ulichochora.

Reli ilikuwepo kweli. Waingereza waliijenga baada ya Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya mradi wa karanga, kutoka bandarini kuelekea Nachingwea. Mradi wa karanga ulikufa mwaka 1951, treni ikaendelea kujikongoja na mizigo michache mpaka mapema miaka ya 1960, ikafungwa na vyuma vikang'olewa. Kilichobaki mjini ni jina. Jina hilo lina haki zote za kuwa kwenye ramani, kwa sababu watu wanaishi ndani yake.

Kama unakuta tuta la reli porini, au nguzo za daraja zilizosimama peke yake, hizo ni vitu vinavyoonekana na zinachorwa kama zilivyo, tuta kama tuta. Njia nzima ya zamani, pamoja na stesheni ambazo leo ni mashamba ya mikorosho, nafasi yake ni OpenHistoricalMap, mradi dada unaopokea vitu vilivyopita pamoja na miaka yake. Kwa mzee aliyewahi kupanda ile treni na kijana mwenye kompyuta ni kazi nzuri ya kukaa pamoja, na ningependa iharakishwe kwa sababu wazee hao wanapungua.

Tabia ya mtaa inaandikwaje kwenye ramani?

Hapa ndipo watu wengi hukwama, na mimi ndipo ninapopapenda zaidi.

Mtwara haikukua kama miji mingine ya pwani. Mji mkongwe ni Mikindani. Mtwara ya leo ilipimwa mwishoni mwa miaka ya 1940 ili iwe bandari ya zile karanga. Karanga hazikuja, mpango wa mji ukabaki, na ndiyo maana mpaka leo tumetawanyika. Benki na ofisi ziko upande wa barabara za Uhuru na Aga Khan. Soko liko mbali kidogo, kusini mashariki. Shangani iko kwake baharini, na katikati kuna nafasi ambazo mgeni akizifikia anadhani mji umekwisha. Barabara ya TANU inazishona sehemu hizi. Walioupanga mji walitenga makazi kama miji yote ya kikoloni ilivyotengwa: wazungu upepo wa bahari, na waafrika mbali nao. Vibao vya ubaguzi viliondoka na uhuru, lakini ukubwa wa viwanja haukuondoka. Fungua ramani ya nyumba za Shangani, kisha telezesha mpaka Chikongola. Kule nyumba moja imezungukwa na ua na miti, huku mapaa yamesogeleana mpaka uchochoro unaonekana kama uzi.

Hayo ramani inayaonyesha yenyewe. Yasiyoonekana kutoka angani ndiyo yanayotakiwa kuandikwa na mwenyeji: kioski cha maji na idadi ya mabomba yanayotoa maji kweli, mashine ya kusaga, kijiwe cha bodaboda, kiwanja cha mpira kisicho na nyasi wala kibao ambacho kila Jumapili kina ligi, madrasa, taa za barabarani zinazowaka, mwembe ambao ndio anwani ya mtaa mzima. Mti mmoja unaruhusiwa kuchorwa na kupewa jina. Kama abiria wote wanamwambia dereva "nishushe mwembeni", mwembe huo ni kituo, upende usipende.

Na muuza pweza anayeweka meza yake pale pale kila jioni? Mchore kama kibanda cha chakula, na uandike saa zake. Angalizo: ramani haijui saa za Kiswahili. Akianza saa 11 jioni na kufunga saa 4 usiku, unaandika 17:00-22:00. Ukiandika 11:00-04:00, mtu atakwenda kutafuta pweza saa 5 asubuhi akute jua na mchanga.

Sasa yasiyoandikwa. Usiandike kwamba mtaa ni "uswahilini", "wa matajiri", "una vibaka" au "umetulia". Hayo ni maoni, na ramani haina namna ya kuyahakiki. Isitoshe yanaumiza: neno moja la mtu aliyeibiwa simu mara moja linaweza kukaa juu ya vichwa vya maelfu ya watu kwa miaka, na dalali akalitumia kushusha bei ya kiwanja cha mjane. Andika kilichopo. Msomaji akiona mabomba mawili kwa nyumba mia tatu, hitimisho atalifanya mwenyewe, na litakuwa la haki zaidi kuliko lako.

Basi hadithi za mtaa zipelekwe wapi?

Kwenye uMap. Ni tovuti ya bure inayokuruhusu kutumia ramani ya OpenStreetMap kama msingi na kuweka juu yake tabaka lako mwenyewe: picha, simulizi, rangi, mipaka ya jinsi mlivyokuwa mkigawana mitaa kwenye mpira mkiwa watoto. Huko huhitaji kumridhisha mtu. Darasa zima linaweza kuweka simulizi za babu na bibi zao, kila moja mahali pake, bila kugusa ramani ya wote.

Picha za barabarani weka Mapillary, ambayo hufifisha nyuso na namba za magari. Picha za majengo ya kale ziende Wikimedia Commons, kwa leseni huru.

Mikindani ina mengi ya kale. Kuna tahadhari yoyote?

Ipo, hasa kwenye kutenganisha kitu na dai. Boma la Wajerumani la mwaka 1895 halina tatizo: lipo, limekarabatiwa, linatumika kama hoteli, na mwaka wake unajulikana. Nyumba za mawe ya matumbawe na milango ya nakshi nazo zinaonekana kwa macho. Nyingine zimebaki kuta, na hizo zinaandikwa magofu, si nyumba.

Lakini kuna nyumba yenye kibao kinachosema David Livingstone alikaa hapo. Livingstone alipita Mikindani mwaka 1866, mwanzoni mwa safari yake ya mwisho, hilo halina ubishi. Kwamba alilala kwenye nyumba hii na si nyingine ni jambo jingine. Unachochora ni kibao, pamoja na maneno yaliyoandikwa juu yake. Ukiandika "Nyumba ya Livingstone" kama jina la jengo, umekuwa shahidi wa jambo usilolishuhudia.

Ushauri mwingine kwa wanaopenda Mikindani ya kitalii: wenyeji wana visima, gati za mashua na njia za kupandia mlimani wanazozitumia kila siku. Ramani iliyojaa vivutio tupu inamfaa mgeni wa siku mbili. Anzeni na visima.

Pwani inachorwa wapi, maji yakiwa yamekupwa au yamejaa?

Mstari wa pwani unapita pale maji makubwa ya bamvua yanapofika yakijaa. Picha nyingi za setilaiti hazikupigwa wakati maji ya bamvua yamejaa, kwa hiyo utaona mchanga mpana na matope, na mkono utawashwa kusogeza nchi kavu mbele. Usisogeze. Eneo linalofunikwa na kufunuliwa na maji lina alama yake, vivyo hivyo mikoko na mashamba ya chumvi. Ukisogeza mstari wa pwani wa hori la Mikindani mita mia, umewapa watu viwanja baharini.

Pia mstari huo una mwelekeo: unapochora, nchi kavu iwe mkono wa kushoto na maji mkono wa kulia. Ukigeuza, bahari inaingia mjini kwenye ramani za watu duniani kote. Kama wewe ni mgeni kwenye kazi hii, mstari wa pwani waachie wazoefu.

Msangamkuu iko ng'ambo. Kivuko kinaingiaje?

Kama njia ya feri inayounganishwa na barabara pande zote mbili. Kuunganisha ndiko kunakosahaulika, na njia ikiwa haijashikana na barabara, simu itamzungusha msafiri nchi kavu au kumwambia hakuna njia kabisa. Andika kama kinabeba magari au watu tu. Mashua za watu binafsi nazo ni usafiri. Mahali zinapopakilia panachorwa.

Barabara ya kwetu ni mchanga mtupu. Niiandike kama njia ya shamba?

Daraja la barabara linatokana na kazi yake, halitokani na lami. Barabara inayounganisha kata mbili ni kubwa hata kama bajaji hunasa mchangani. Uchochoro wa vitofali unaoishia kwenye ua wa mtu ni mdogo hata ukipendeza. Hali ya njia ina sehemu yake: lami, changarawe, vumbi, mchanga, vitofali. Jaza zote mbili. Programu za usafiri zinatumia sehemu hiyo kukadiria mwendo, na dereva wa lori la korosho anataka kujua mapema.

Kwetu masika ni moja ndefu, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili hivi. Njia inayopitika kiangazi tu iandikwe hivyo. Kama kuna kalavati au mtaro unaofurika, uweke. Dar es Salaam wameonyesha faida yake: kuanzia mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatuma wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuzunguka na wananchi wakichora mitaro na nyumba kwenye mitaa inayofurika.

Nahitaji vifaa gani?

Kwenye kompyuta, kivinjari kinatosha. Kihariri kinaitwa iD na kinafunguka ndani ya tovuti yenyewe. Kwenye simu ya Android, StreetComplete inakuuliza maswali mepesi ukiwa umesimama mahali husika, kama njia hii ina lami au la, na jengo lina ghorofa ngapi. Every Door ni nzuri kwa maduka na huduma, kwa Android na iPhone. Wazoefu hutumia JOSM kwenye kompyuta au Vespucci kwenye simu.

Kalamu na daftari bado havijashindwa. Tembea mtaa mzima ukiandika, kisha ingiza nyumbani kwenye intaneti ya uhakika. GPS ya simu penye uwazi hukosea mita chache, chini ya mikorosho hukosea zaidi, kwa hiyo linganisha na picha ya setilaiti. Picha yenyewe nayo huweza kuwa imesogea pembeni. Kabla ya kuhamisha mtaa mzima kwa sababu "haukai sawa", angalia njia zilizorekodiwa kwa GPS na watu wengine waliopita barabara ile.

Ninaweza kunakili majina kutoka Google?

Hapana. Hata moja. Leseni haziruhusu, na kazi iliyonakiliwa hufutwa yote. Miguu yako, kumbukumbu zako, vibao vya barabarani na watu wa mtaani ni vyanzo halali.

Vibao vya anwani za makazi vilivyowekwa kabla ya sensa ya 2022, tuvitumie?

Ndiyo, ni hazina. Jina la barabara lililo kwenye nguzo na namba iliyo ukutani ni vitu unavyoviona kwa macho, kwa hiyo unaviingiza. Ukikuta kibao kina jina ambalo mtaani hakuna anayelitumia, jina la kibao liwe kuu na la watu liingie alt_name. Najua wengine wanataka iwe kinyume. Ninaowahofia ni zimamoto na gari la wagonjwa, ambao wataelekezwa kwa jina la kibao.

Nikichora kiwanja changu, ramani itanisaidia kwenye mgogoro wa ardhi?

Haitakusaidia. Mipaka ya viwanja ni kazi ya wapima ardhi waliosajiliwa, na ushahidi ni hati. OpenStreetMap haichori umiliki wa mtu. Yeyote anayekuuzia kiwanja akikuonyesha ramani ya simu kama uthibitisho, nenda kwanza idara ya ardhi ya manispaa.

Vipi kuhusu faragha na usalama?

Majina ya wakazi hayaingii. "Kwa Mama Fulani" ikiwa ni jina la duka lenye kibao, sawa. Ikiwa ni nyumba anayoishi, hapana. Usiandike nani anaishi peke yake, nani ana gari, wapi panafichwa nini. Maeneo ya jeshi na ndani ya bandari usipige picha wala kuchora kilicho ndani ya uzio. Droni inahitaji vibali, na "nilikuwa nachora ramani" si kibali. Ukianza kuzunguka mtaa na daftari, pita kwanza kwa mwenyekiti umsalimie na kumweleza. Dakika kumi hizo zitakuokoa kuulizwa na kila baraza utakayopita.

Kweli inasaidia wakati wa maafa, au ni maneno?

Aprili 2019 Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari ya kimbunga Kenneth, na watu wa Mtwara wakaambiwa wahame mabondeni na ufukweni. Kimbunga kilipiga Cabo Delgado, Msumbiji, jioni ya tarehe 25. Sisi tulinusurika. Siku kama ile swali la kila mtu ni moja: shule ipi iliyo juu, ina kuta imara, na njia ya kwenda haipiti bondeni? Shule zikiwa zimechorwa na majina yake, na njia zikiwa na hali yake halisi, jibu linapatikana hata kwenye simu isiyo na mtandao.

Watu wengi husubiri maafa ndipo waanze kuchora. Wachoraji wa mbali watakimbilia kusaidia, kama walivyofanya Haiti baada ya tetemeko la Januari 2010, lakini jina la shule hawawezi kulisoma kutoka angani.

Kuna mtu amefuta nilichochora. Nifanyeje?

Kwanza usirudishe kwa hasira. Kila badiliko lina historia: nani, lini, na aliandika maelezo gani. Fungua uone. Huenda amefuta duka lililofungwa kweli, au ameunganisha alama mbili za kitu kimoja. Kama huelewi, weka swali chini ya badiliko lake na umpe siku kadhaa ajibu.

Akiwa ameharibu makusudi, kazi yake yote inaweza kurudishwa nyuma, na kuna wasimamizi wa data wa kushughulikia watu wa aina hiyo. Ili iwe rahisi kukutetea, zoea kuandika maelezo yanayoeleweka kila unapohifadhi: "Nimeongeza visima vitatu Mtonya, nimevitembelea mwenyewe" yanatosha.

Nianzie wapi leo?

Fungua mtaa wako, tafuta kitu kimoja unachojua hakipo, na uanze na hicho. Kwa wengi huwa ni bomba la maji.